Shemeji na Barabara ya Vumbi

Miongoni mwa neema ambazo zama zetu zimewajalia wasafiri, lami ni mojawapo ya zile zinazosifiwa kuliko kuchunguzwa. Sina nia ya kuitukana, kwa maana nimeishi katika miji ya pwani nikayaona masika ya kabla yake, watu walipokuwa wakienda kazini viatu mkononi na kuvivaa mlangoni mwa ofisi. Lakini kwa kuwa sasa nimestaafu ualimu, na mwalimu mstaafu hana kazi ila kusahihisha dunia, napenda kuiandikia lami ripoti yake ya mwisho wa muhula, wala sitaipa alama kubwa. Lami humfundisha mtu kwamba akikanyaga breki gari litasimama, kwamba akizungusha usukani gari litageuka, kwamba upande wa kushoto ni wake na wa kulia ni wa mwenziwe, na kwamba urefu wa safari hupimwa kwa kilomita. Mambo hayo manne ni kweli tupu mpaka pale lami inapokoma, na inapokoma yote manne hugeuka uongo kwa mara moja, ilhali mwanafunzi aliyeyahifadhi huuvuka mpaka huo bila kupunguza mwendo, leseni mfukoni na imani moyoni.

Mwanafunzi wa namna hiyo ninaye katika ukoo, naye ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu kwa baba na mama, mhasibu wa Dar es Salaam, mtu wa staha, mkarimu, mwenye hati nzuri na sauti ya kusomea hotuba. Kwa insafu lazima niseme kwamba dereva wa Dar es Salaam ana elimu isiyopatikana penginepo: hupenyeza gari baina ya daladala mbili mahali ambapo mimi nisingethubutu kupitisha mwavuli, huijua nia ya bodaboda kwa kukitazama kisogo cha anayeiendesha, na husinzia kwenye foleni ya Ubungo akaamka kwa wakati wake. Kwa elimu hiyo shemeji amekaa usukanini miaka mingi pasipo kugusa hata baiskeli, jambo ambalo hulitaja kabla ya kula na baada ya kula. Fauka ya hayo amerithi kwa marehemu baba yake mapenzi ya yale mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika juu ya njia za udongo na matope. Na jina la Joginder Singh, aliyeyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976, hulitamka kwa unyenyekevu ambao wengine huwawekea mashekhe. Husahau kuongeza kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na kwamba yale mengi yaliyobaki njiani yaliendeshwa na watu hodari kuliko wahasibu.

Marehemu mkwe wangu huyo alikuwa dereva wa lori la shamba moja la mkonge huku Tanga, na hapa pana siri ya nyumba ambayo msomaji hana budi kuijua ili ayafahamu yaliyofuata. Mtoto wa kiume alipelekwa shule ya bweni apate kuwa mtu. Mtoto wa kike, kwa sababu alikuwa mdogo na mama yao alikuwa mgonjwa, alipakiwa kwenye lori akawa akizunguka na baba yake mashambani, kiangazi na masika. Basi elimu ya vitabu ikaenda kwa mmoja na elimu ya barabara ikaenda kwa mwingine, na kwa kuwa mambo ya dunia hii hupangwa kwa hekima isiyotafutwa undani wake, aliyekabidhiwa usukani ni yule wa vitabu. Mke wangu hana leseni, wala hajapata kuitaka, naye huketi kiti cha nyuma. Ila nimekwisha kuona kwamba akisema “kaka” kwa sauti ya chini, gari hupungua mwendo kabla dereva hajaijua sababu.

Rai ya kwenda Ziwa Natron ilikuwa ya shemeji. Shule zilikuwa zimefungwa, na binti yetu mdogo alikuwa amesoma kitabuni habari za heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, ambao katika Afrika Mashariki yote hulichagua ziwa hilo la magadi kutagia na kulea makinda yao. Shemeji akasema kwamba kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero, penye ziwa, ni kilomita zipatazo 120 tu. Akazigawanya kwa 80, akapata saa moja na nusu, akatuandikia kwa ile hati yake nzuri kwamba chakula cha mchana tutakila tukiwatazama ndege. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, na karatasi ile nimeiweka.

Gari, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, tulilikodi Arusha kwa bwana mmoja mwenye viapo vingi. Shemeji alilizunguka, akalipiga teke tairi moja, akasema liko sawa. Mke wangu akaomba afunguliwe buti. Hapo ikadhihirika kwamba spea ipo lakini haina upepo, jeki ipo lakini mpini wake umesafiri na gari jingine, na spana ya kufungulia nati za magurudumu ilikuwa ya kabila la magari lisilohusiana kabisa na letu. Bwana yule alistaajabu kuliko sisi. Vilipokwisha kupatikana vyote, baada ya maneno mengi na chai mbili, mke wangu akaomba pia kipande cha ubao, upana wa viganja viwili. Akaulizwa wa nini, akajibu kwamba jeki ikisimamishwa juu ya mchanga haiinui gari bali hujizika yenyewe. Bwana akacheka, shemeji naye akacheka ili asihesabiwe kuwa wa upande ule, na ubao ukapakiwa pamoja na madumu ya maji, ambayo mke wangu aliyakadiria kwa kanuni ya baba yake, lita 5 kwa kila mtu kwa kila siku, na juu yake siku moja ya kukwama. Shemeji akauliza hiyo siku ya kukwama imepangwa tarehe ngapi.

Mto wa Mbu tuliingia kwa salama na amani, maana ni lami. Sokoni tulinunua ndizi nyekundu, ambazo mji ule unasifika kwazo, na mke wangu akanunua trei la mayai 30, kwa kuwa aliambiwa kwamba kule kambini yai huuzwa kwa bei ya kuku. Kisha tukakunja kulia, na wakati ule lami ilikomea papo hapo, bila kibao wala kwaheri.

Msafiri wa pwani hudhani kwamba analijua vumbi, kumbe alijualo ni lile jekundu, zito, ambalo hukufuata hatua chache likachoka. Vumbi la njia ya Engaruka ni la rangi ya kijivu, laini mno, kwani limechanganyika na majivu ya volkano. Na volkano yenyewe, Ol Doinyo Lengai, mlima wa mita 2,962 wanaouheshimu Wamaasai, imesimama mbele yako kitambo kirefu cha safari, ikikukumbusha kwamba mwaka 2007 na 2008 ilimwaga majivu juu ya malisho hata watu wakahama na mifugo yao. Vumbi hilo halikai nje. Liliingia kwa tundu nisizojua kwamba gari linazo, likatua juu ya kope za binti yangu mpaka akafanana na bibi yake mzaa baba, na shemeji, kwa huruma, akafungua kioo cha nyuma kabisa ili lipate kutoka. Hapo ndipo lilipoingia lote lililobaki Wilaya ya Monduli. Sababu yake ni nyepesi kwa mwenye kuieleza akiwa amekaa barazani: gari linapokwenda mbio huacha nyuma yake pengo la hewa, na vumbi linalotimuliwa na magurudumu hukimbilia kulijaza pengo hilo, kwa hiyo kufungua dirisha la nyuma ni kulipa vumbi mlango. Dawa ni kufunga vioo vyote na kuwasha feni ivute hewa ya nje kwa mbele, ili ndani mwa gari hewa izidi na kusukuma kwenda nje. Mke wangu aliisema dawa hiyo kwa maneno machache. Shemeji akamjibu, kwa upole na kwa kikohozi, kwamba kufunga vioo wakati vumbi limo ndani ni kulifunga gerezani pamoja nasi. Akaendelea na hoja yake hata sauti ilipomkatika, ndipo akafunga.

Mbele yetu palikuwa na gari la watalii, wala hatukuliona gari lenyewe bali wingu lake, na shemeji, ambaye maishani mwake hajapata kukaa nyuma ya gari jingine kwa ridhaa yake, akakusudia kulipita. Sasa mtu apitaye ndani ya vumbi la mwenziwe haoni mbele, haonwi na anayempita, na anayekuja kutoka upande wa pili hamwoni ye yote kati yao. Mke wangu hakubishana. Alisema tu kwamba mtoto anataka kujisaidia. Tukasimama kando muda wa kutosha vumbi lote kutulia, naye binti akashushwa, akashangaa sana, maana hakuwa na haja yo yote.

Mbuzi wa Selela na Engaruka nitawapita upesi kuliko tulivyowapita siku ile. Itoshe kusema kwamba honi, ambayo mjini ni nusu ya udereva, huko haina tafsiri. Kwamba mbuzi aliyekwisha kuvuka hana hatari, hatari iko kwa ndugu zake waliobaki ng’ambo na wanaona wameachwa. Na kwamba punda hasogei kwa sababu yo yote inayoweza kuandikwa. Mchungaji alikuwa mtoto wa umri wa binti yangu. Alimtazama shemeji akipiga honi, akangoja amalize, halafu akapiga mluzi mmoja na njia ikawa nyeupe.

Baada ya Engaruka, ambako shemeji hakukubali tusimame kuyaona magofu ya mawe na mifereji ya wale wakulima wa kale walioyahama makazi yao karne kadhaa zilizopita, kwa hoja kwamba karatasi inasema saa saba mchana, ndipo barabara ilipojikunja kama bati la paa. Mikunjo hiyo ya kukingama imewatesa watu wa mataifa yote, na wengi husingizia maji, au upepo, au mkandarasi. Lakini mtaalamu mmoja wa Australia, Keith Mather, ambaye uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 1963, alizungusha gurudumu juu ya njia ya mduara aliyoitengeneza, akaona kwamba mawimbi huzuka yenyewe kila mwendo unapozidi kiasi fulani kidogo: gurudumu hupanda kijiwe, huruka, huanguka na kuchimba, na shimo hilo humrusha ajaye nyuma, naye akachimba lake. Kila apitaye kwa haraka ameacha urithi. Greda huweza kuyakwangua mawimbi yote, na magari yakirudi, nayo hurudi.

Shemeji hakuwa amemsoma Mather, ila alikuwa na nadharia yake, aliyoipokea kwa watu wa mashindano, kwamba mawimbi yanamtesa mwoga peke yake. “Shemeji,” aliniambia, akipaza sauti kwa kuwa dashibodi nayo ilikuwa ikisema, “kwa 30 utakufa. Kwa 80 unapaa juu yake, huna habari.” Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa amelipakata trei la mayai juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, akasema: “Kaka, mayai.” Akajibiwa kwamba kwa mwendo wa 80 yai haliwezi kujua kama limo safarini, na kwamba likivunjika hata moja yeye atalipa trei zima. Maneno hayo niliyasikia mimi, akayasikia na mtoto.

Na Mungu ni shahidi, alipofika 80 kelele zilipungua. Ulitujia utulivu wa ajabu, gari likawa linateleza, shemeji akageuka kututazama nyuma kwa uso wa mtu aliyekwisha kupewa kikombe chake. Lakini utulivu ule hutokana na hali moja tu, nayo ni kwamba magurudumu yameacha kushuka mabondeni na sasa yanaruka kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kingine, yaani sehemu kubwa ya wakati hayagusi ardhi. Na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kusimamisha gari wala kuligeuza, hata liwe la Joginder Singh. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya kahawa. Niliitikisa kidogo kujua imebaki kiasi gani, nikasikia ndani yake mlio wa vigae, mwembamba, mzuri: moyo wa kioo ulikuwa umesagika wote, na kahawa yangu ya tangawizi sasa ilikuwa na kioo kuliko tangawizi.

Ni katika utulivu huo ndipo tulipopita tawi bichi lililolazwa katikati ya barabara. Mbele yake kidogo, jingine. Binti akauliza, “Mjomba, hayo majani ya nini?” Shemeji akasema ni chakula cha mbuzi, wachungaji wa huku hawana mpango, wanaangusha ovyo. Tawi la tatu lilikuwa kubwa zaidi. “Kaka,” alisema mke wangu, na safari hii sauti haikuwa ya chini. Lakini tulikuwa tumekwisha kukipanda kimwinuko, na ng’ambo ya kimwinuko, katikati ya njia kabisa, pameegeshwa lori lililojaa magunia ya unga na kreti za soda, limevunjika springi, na miguu ya mtu imetokeza chini yake.

Shemeji akakanyaga breki kwa mguu uliosomeshwa Dar es Salaam. Magurudumu yakakaza, na gari likaendelea na safari yake bila hiyo habari, likiteleza juu ya changarawe kwa mwendo ule ule. Akazungusha usukani, gari likafikiri kwanza, halafu likageuka zaidi ya lilivyoombwa, likalipita lori kwa nafasi ya kreti moja, likashuka kando na kutumbukia katika mchanga hata likasimama lenyewe. Pakawa kimya. Kisha wingu letu wenyewe, tulilokuwa tumelikimbia tangu Engaruka, likatufikia, likatupita taratibu, na lilipokwisha kupita akatokea utingo wa lile lori, kijana mwenye fulana ya mpira, ameshika mwiko wa ugali.

“Poleni,” alisema. “Hamkuona majani?”

“Mjomba alisema ni chakula cha mbuzi,” akajibu binti yangu, ambaye tumemlea katika kusema kweli.

Shemeji hakupendezwa na mazungumzo hayo, akawasha gari na kukanyaga mafuta kwa nguvu ili atoke kwa heshima. Magurudumu yakazunguka pale pale, mchanga ukaruka, na gari likashuka kwa nyuma mpaka ekseli ikakaa chini. Kijana akaja kwenye kioo, akainama kwa adabu. “Mzee, zima. Unachimba kisima.” Halafu akasema neno ambalo kwa mhasibu lilikuwa gumu kuliko yote ya siku ile: “Toa upepo.”

Upepo! Shemeji alimweleza kwamba upepo ule ameujaza Arusha, pauni 35 kila tairi, na stakabadhi anayo. Kwamba tairi lisilo na upepo ni tairi bovu. Kwamba ni kinyume cha akili mtu kutafuta nguvu kwa kuipunguza. Alikuwa bado yupo katika hoja ya tatu tuliposikia mlio wa nyoka upande wa nyuma, tukageuka, tukamkuta mke wangu amechutama kwenye tairi, kijiti mkononi, ameibonyeza valvu na kichwa amekiinamisha akisikiliza, maana marehemu baba yake hakuwa na kipimo ila sikio. Tairi lenye upepo mpungufu, wa pauni 20 hivi, hutandawaa, likakanyaga mchanga kwa eneo kubwa badala ya kuukata. Ndivyo alivyo ngamia na unyayo wake, wala hana stakabadhi. Utingo na mwenziwe wakafukua mchanga mbele ya magurudumu, ubao uliochekwa Arusha ukalazwa mahali pake, shemeji akaambiwa atie gia ya pili na akanyage mafuta kwa dole gumba tu, nasi wengine tukasukuma. Gari likatoka kwa urahisi wa kuudhi.

Wale mabwana walikuwa pale tangu juzi. Hawakuonyesha ghadhabu wala haraka. Walikuwa wakingoja springi kutoka Arusha, wakilala chini ya lori, wakipika kivulini mwake, na kila apitaye akiwapelekea salamu mbele. Sheria ya kwanza ya njia hizo, kutoliacha gari lako ukaenda kutafuta msaada kwa miguu juani, waliitii pasipo kuambiwa kwamba ni sheria. Mke wangu akawamiminia maji katika dumu lao, nao wakatukaribisha ugali. Shemeji alikula kimya. Saa saba mchana ilitukuta hapo.

Tukaenda sasa polepole, kwa kuwa tairi zenye upepo mdogo hazipendi mbio wala mawe, na jua lilikuwa limeanza kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa tulipofika kwenye korongo pana, jeupe, kavu kabisa. Chini ya mgunga alikaa mzee wa Kimaasai na fimbo yake. Shemeji akataka kuegesha kivulini, mke wangu akamwonyesha miiba iliyolala chini, mirefu na myeupe, akaegesha juani.

“Shikamoo, mzee,” alisema shemeji, ambaye adabu haikumpotea hata siku ile.

“Marahaba.”

“Njia iko salama?”

Mzee akatazama gari, akatazama tairi, akatazama na mapaja ya mke wangu, yaliyokuwa manjano kutoka kwenye trei hadi kwenye magoti. “Ngoja,” akasema.

“Tungoje nini, mzee? Korongo kavu.”

Mzee akainua fimbo, akaielekeza nyuma ya ukingo, kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, ambako palikuwa na wingu moja jeusi ambalo sisi tulikuwa tumeliona na kulisifu kwa uzuri wake. Juu yetu mbingu ilikuwa buluu. Shemeji akalipima korongo kwa macho, akaanza kunieleza kwamba kulivuka ni kazi ya dakika moja. Dada yake akatia mkono, akachomoa ufunguo wa gari.

Kwanza tulisikia mawe yakigongana kwa mbali. Kisha likaja povu, na mbele ya povu vijiti, samadi, kibuyu kimoja kikizunguka, na nyuma yake maji ya rangi ya kahawa ya maziwa, mapana kuliko mto wo wote tuliouvuka tangu Tanga, yakapita pale ambapo tungekuwa. Maji yaendayo kasi yakifika sentimita 30 tu huweza kuliinua gari dogo na kulisukuma, na yakifika 60 huchukua hata haya makubwa yenye majina ya kutisha. Hayo ya siku ile yalimfika mgunga mmoja kifuani. Shemeji aliketi chini kando ya mzee. Hakusema neno, na nadhani ni mara ya kwanza tangu harusi yangu.

Maji ya makorongo hayo hayana uvumilivu. Huja kwa kishindo na kupungua upesi. Yalipobaki vijito, mzee akavua viatu vyake vya matairi, akaingia kwa miguu, akichoma chini kwa fimbo kila hatua, akaenda si moja kwa moja bali kwa kukunja, juu kidogo penye changarawe ngumu, akarudi amelowa chini ya magoti. Hakutaka fedha. Alitaka lifti ya Engaresero, akaketi mbele, fimbo baina ya magoti. Tangu hapo shemeji hakuendesha tena kwa nadharia. Fimbo ikiinuka, alipunguza, ikilala kushoto, alikwenda kushoto, ikitulia, alitulia. Ilikuwa ikiinuka kabla ya kila kimwinuko, kwa sababu huko kila mtu hupita katikati ya njia na wawili hukutana kileleni, na iliinuka mahali pengine ambapo hapakuwa na kitu, mpaka tulipofika tukaona kwamba kipo. Tuliingia Engaresero kabla ya giza, jambo alilolitaka mzee, maana usiku punda huwa wa rangi ya barabara.

Ziwa lilikuwa zuri, na wengine wameliandika vizuri kuliko niwezavyo. Heroe waliwaka kwa mbali juu ya maji ya magadi, joto likapanda mpaka mtu akaona aibu ya kuvaa shati, na tukapelekwa kuziona nyayo za watu wa kale zilizoganda katika majivu, za maelfu ya miaka. Shemeji alizikodolea macho muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba watu wale, ukitazama vizuri, walikwenda kwa miguu na wakafika. Mayai yaliyosalimika yalikuwa 4, tuliyachemsha.

Kurudi hakuna la kusimuliwa, kwa sababu tairi zilijazwa kwa pampu ya mguu, vioo vilifungwa, na matawi yote tuliyoyakuta barabarani, likiwamo moja lililoangushwa na upepo, tuliyasimamia kwa taadhima mpaka tukajiridhisha.

Lakini juma lililofuata shemeji alikuja Tanga kutusalimia, na jioni moja, baada ya Isha, akaketi barazani kwangu pamoja na wazee wa mtaa, kahawa chungu ikizunguka, akawapa darasa. Niliketi kando nikisikiliza. Aliwaambia kwamba mtu wa mjini hajui kitu kimoja, upepo wa tairi. Alivyoutoa yeye, na jinsi shemeji yake, yaani mimi, alivyopinga. Akawaeleza maana ya majani barabarani, ambayo wengi hudhani ni chakula cha mbuzi. Alipofika kwenye korongo alisimama kabisa, akaelekeza mkono kwenye wingu lisilokuwapo, akasema kuna harufu fulani ya mvua ya mbali ambayo dereva mzoefu huinusa hata jua likiwaka. Wazee wakatikisa vichwa, na mmoja wao akanigeukia akaniuliza kama kweli shemeji alinusa. Nilikuwa nimekifikisha kikombe mdomoni, na sikuona vizuri kukishusha. Hapo mlango ukafunguliwa, binti yangu akatoka, akawaamkia wazee wote mmoja mmoja kama alivyofundishwa, kisha akasimama mbele ya mwalimu wa barabara.

“Mjomba,” akasema, “mama anakuuliza zile pesa za trei la mayai utampa leo, au azikate kwenye chakula chako cha usiku?”